Ile D niliyoipata nikiwa na miaka 16

Najua nimeadimika. Mara ya mwisho kuandika hapa theluji ilikuwa magotini, leo nyasi za mbele ya maktaba zimeota na watu wanatembea na kaptula kana kwamba nyuzi 12 ni joto. Sikuwa mgonjwa, sikudisko, wala sijaolewa kama mmoja wenu alivyozusha. Nilikuwa kwenye msuli. Mitihani ya kumaliza mwaka wa tatu imeisha Alhamisi, na Ijumaa, badala ya kulala kama binadamu wengine, nikakaa kitako kuanza kujaza fomu ya kuombea shule ya udaktari.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Wale mlioko Bongo niwaeleze kidogo ili twende pamoja. Huku Marekani kwa kawaida hutoki sekondari ukaingia udaktari moja kwa moja kama mnavyoingia MD ya Muhimbili ya miaka mitano. Unasoma kwanza shahada ya kwanza ya miaka minne, somo lolote ulipendalo, ila ndani yake uhakikishe umepita kwenye baiolojia, kemia, fizikia na wenzake. Unafanya mtihani uitwao MCAT, ambao alama zake zinaanzia 472 na kuishia 528. Halafu ndiyo unaomba, na ukipata unasoma miaka minne mingine. Shule nyingi zinazotoa digrii ya M.D. hupokea maombi kupitia mfumo mmoja unaoitwa AMCAS. Unajaza mara moja, unaagiza transkripti zako, wao wanahakiki kozi moja baada ya nyingine, wanakokotoa GPA yako upya kwa kanuni zao wenyewe, kisha wanapeleka kwa kila shule uliyoitaja. Fomu hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, na anayechelewa kutuma hujikuta mwisho wa foleni.

Sasa ndani ya fomu hiyo kuna sehemu ya kutaja vyuo ulivyosoma. Nikaandika chuo changu hiki, nikataka kusonga mbele. Maelezo yakanirudisha. Wanataka kila chuo ulichowahi kujiandikisha kozi hata moja. Hata kama ulijitoa katikati. Hata kama krediti zake hazikuhamishwa. Na hata kama wakati huo ulikuwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Nikasoma mara tatu. Nikafunga kompyuta. Nikaenda kununua chipsi.

Basi bwana, hii habari sijawahi kumsimulia mtu hapa chuoni, na nyumbani ndiyo kabisa. Leo naitoa.

Familia yetu ilikuja Minnesota kwa ile bahati nasibu ya viza, mimi nikiwa na miaka 13. Baba anabeba boksi, na simaanishi kwa msemo, namaanisha maboksi yenyewe, ghalani, usiku. Mama analea wazee kwenye nyumba ya wazee. Nilipofika darasa la 11 mshauri wa shule yetu ya sekondari akaniita ofisini na karatasi ya rangi. Akasema, wewe ni mwanafunzi mzuri, kuna mpango hapa unaweza kusoma kozi za chuo sasa hivi, ukiwa bado sekondari, na serikali ya jimbo inalipa. Ada inalipwa, vitabu vinalipwa. Krediti unazipata mara mbili, za sekondari na za chuo.

Alichosema ni kweli tupu. Mpango unaitwa PSEO, na Minnesota ndiyo iliyotangulia majimbo mengine kuuwekea sheria ya jimbo zima, mwaka 1985. Siku hizi mambo ya namna hii yapo karibu kila jimbo, kwa majina mbalimbali. Mwanafunzi wa sekondari anakwenda chuo cha jamii cha jirani, au mwalimu wa chuo anamfuata shuleni, anasoma kozi ya chuo, anafanya mtihani wa chuo, anapewa alama ya chuo.

Nilipoipeleka ile karatasi nyumbani Mama aliisoma kwa shida kidogo, akafika kwenye neno linalosema bure, akaishia hapo. Akampigia simu shangazi Tanga usiku uleule. "Mtoto ameshaingia chuo kikuu, na miaka yake 16!" Ungefanyaje wewe? Ungemwambia hapana?

Nikajiandikisha kozi nne kwa mpigo. Kemia, hesabu za kalkulasi, uandishi wa Kiingereza, na historia. Krediti 16, mzigo kamili wa mwanafunzi wa chuo mtu mzima. Chuo kilikuwa mabasi mawili kutoka nyumbani. Asubuhi maabara, jioni nikirudi nampokea mdogo wangu kitinda mimba shuleni, nampikia, namfundisha hesabu zake, kwa sababu wazazi wote wawili wanaingia kazini jua likizama. Kemia ilikuwa inataka muda ambao sikuwa nao. Sikujua kama mwalimu wa chuo ana saa zake za kumwona ofisini. Sikujua kama kuna tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye kozi bila kupata alama mbaya. Nilidhani kujitoa ni aibu. Nikang'ang'ana mpaka mwisho kama mtu anayebeba gunia lililotoboka.

Matokeo: Kiingereza A, historia B, kalkulasi C, kemia D.

Nikarudi kwa mshauri nalia. Akanipooza, na kwa kweli alikuwa na nia njema. Akasema usijali, ukiingia chuo kikuu GPA yako itaanza upya. Na hilo nalo lilikuwa kweli! Chuo kikuu changu kilipokea krediti za zile kozi zilizofaulu vizuri, hakikuchukua alama. GPA yangu hapa ilianza sifuri. Kemia nikairudia mwaka wa kwanza, nikapata A, nikasema haya, yaliyopita si ndwele. Nyumbani nilimwambia Mama nimefaulu zote. Kiufundi D huko ni kufaulu, teh teh teh. Muhula uliofuata nikarudi madarasa ya kawaida ya sekondari, nikasema mabasi yananichosha.

Miaka mitano nikaizika ile D. Ijumaa nikaikuta imekaa sebuleni inaningoja.

Sasa tufanye hesabu, maana watu wa mapacha yetu ya msuli mnapenda namba. Katika chuo changu hiki nina krediti 90, GPA 3.80. Zidisha, unapata pointi 342. Zile krediti 16 za utotoni zina pointi 40 tu: kemia 4, kalkulasi 8, Kiingereza 16, historia 12. AMCAS inajumlisha zote. Pointi 382 gawanya kwa krediti 106, ni 3.60. Muhula mmoja wa mtoto wa miaka 16 umekula pointi mbili za desimali kutoka miaka mitatu ya mtu mzima.

Na si hiyo tu. Wanakokotoa pia GPA ya sayansi peke yake, yaani baiolojia, kemia, fizikia na hesabu. Kwa hapa chuoni yangu ni 3.76, krediti 50. Ukiongeza ile kemia na ile kalkulasi inashuka mpaka 3.45. Hiyo ndiyo namba ambayo mtu wa shule ya udaktari anaiangalia akitaka kujua kama kichwa chako kinabeba sayansi.

Utauliza, si ulirudia kemia ukapata A? Nilirudia. AMCAS haifuti. D ipo, A ipo, zote mbili zinahesabiwa. Ule mfumo mwingine wa shule za osteopathia, AACOMAS, zamani ulikuwa unaikubali alama mpya na kuiacha ya zamani, lakini nao uliachana na utaratibu huo mwaka 2017.

Ili kupandisha ile 3.60 ifike 3.70 nahitaji krediti 34 za A tupu, bila B hata moja. Huo ni mwaka mzima na ushee. Na msinielewe vibaya, 3.60 si kifo. Ila wastani wa wanaoingia shule za M.D. miaka ya karibuni umekuwa juu ya 3.7, na zipo shule zinazochuja kwa namba kabla binadamu hajasoma hadithi yako.

Sasa linganisheni na kitu kingine kinachofanana kwa mbali. Ninayekaa naye chumbani alisoma sekondari yenye kozi za AP. Hizo nazo ni kozi za kiwango cha chuo, zilianza miaka ya 1950, ila zinafundishwa na mwalimu wa sekondari, kisha mwezi Mei unafanya mtihani wa taifa mmoja, alama 1 mpaka 5. Ukipata 4 au 5, na vyuo vingine hata 3, chuo kikuu kinaweza kukupa krediti. Yeye alifanya AP ya kemia akapata 2. Unajua nini kilitokea? Hakuna. Hakuna chuo kilichompa krediti, kwa hiyo hakuna cha kuandika. Na angepata 5 ingeandikwa kama krediti bila alama, haipandishi wala haishushi GPA.

Mimi na yeye tulikuwa na umri mmoja. Kemia ileile, kushindwa kulekule. Lake limeyeyuka, langu linanifuata mpaka mlangoni kwa daktari. Tofauti ni jina la jengo lililoandikwa juu ya transkripti.

Lakini AP nayo ina mwiba wake, nisije nikawadanganya. Kila shule ya udaktari ina msimamo wake kuhusu krediti hizo kwenye masomo ya lazima. Nyingine zinazikubali. Nyingine zinazikubali ukiongezea kozi ya juu zaidi ya somo lilelile. Nyingine hazitaki kabisa, zinataka wakuone umekaa maabara ya chuo. Kwa hiyo yule aliyeruka kemia ya mwaka wa kwanza kwa AP anaweza kufika mwaka wa tatu akaambiwa arudi. Na kozi ulizosomea chuo cha jamii ukiwa sekondari nazo, hata ukipata A, zipo shule zinazosema wazi zinapendelea masomo ya lazima yasomwe chuo cha miaka minne. Ukifika mwaka wa pili fungua orodha ya masharti ya kila shule unayoitamani, usisubiri kama mimi.

Sasa maoni yangu, maana ndiyo nimekujia hapa.

Sisemi kozi hizi zifutwe. Ningesema hivyo ningekuwa mwizi wa fadhila. Kuna jamaa hapa chuoni, Msomali, aliingia mwaka wa kwanza na krediti zaidi ya 40 alizolipiwa na jimbo, A nyingi na B chache. Anamaliza shahada kwa miaka mitatu bila mkopo mkubwa. Kwa nyumba ya wabeba boksi hiyo si hesabu ndogo, ni maelfu ya dola. Na A zake za utotoni zinahesabiwa vilevile kama D yangu inavyohesabiwa. Mlango ni mmoja, unaingiza na kutoa.

Ninachosema ni kwamba neno "bure" kwenye ile karatasi lilikuwa nusu ya habari. Ada ni bure. Alama si bure. Mtoto wa miaka 16 anatia sahihi kwenye kumbukumbu ya kudumu ya chuo bila kuambiwa kwamba ni ya kudumu. Mzazi naye anatia sahihi chini yake, kwa lugha isiyo yake, akiamini mwalimu. Kwetu mwalimu ni mzazi wa pili, unamuulizaje maswali? Wazazi wa Kimarekani waliosoma vyuo wanajua cha kuuliza. Wanauliza alama hii itaenda wapi. Wetu wanashukuru na kuondoka.

Sentensi moja tu ingetosha kwenye ile karatasi: "Alama utakayopata itabaki kwenye rekodi yako ya chuo maisha yote, na shule za udaktari zitaihesabu." Iandikwe kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa Kihmong, kwa Kihispania. Haigharimu kitu. Mama yangu angeisoma ile, angeniuliza: kozi nne kwa nini, mwanangu, kwani unakimbizwa?

Najua kuna watakaosema, ah, mtoto mwerevu atapata A tu, aliyepata D alistahili D. Sawa. Sikatai kwamba kemia ilinishinda muhula ule. Ninachouliza ni kama muhula ule unasema lolote kuhusu daktari nitakayekuwa nikiwa na miaka 30. Binamu yangu yuko Morogoro, mwezi huu huu anafanya mtihani wa kidato cha sita, PCB. Hapo Bongo ndiyo mlango wenyewe, fizikia, kemia na baiolojia, na mtihani mmoja unaweza kukukatisha ndoto ya miaka. Mfumo mkali, siutetei. Lakini hata huko mtu akianguka anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea na kujaribu tena na cheti kipya. Huku tunakojivunia nafasi ya pili, kwenye jambo hili nafasi ya pili inakaa kando ya ya kwanza, haiifuti.

Wengine watasema, si wanaona ulikuwa mtoto? Ni kweli, na hapa niwe mkweli kwa AMCAS pia. Kwenye jedwali lao kozi za sekondari zina mstari wake peke yake, kabla ya mwaka wa kwanza. Msomaji makini ataona 2.50 pale juu, kisha 3.8 mfululizo, ataelewa. Wapo wanaothamini mtu aliyepanda. Ndiyo tumaini langu, na ndiyo nitakayoandika kwenye insha yangu, bila kulia lia. Ila tumaini hilo linategemea msomaji kufika kwenye mstari huo.

Kuna mmoja hapa bwenini, alipoona nimekosa raha, akaninong'oneza: usikitaje tu hicho chuo, nani atajua? Nilikaa na wazo hilo saa nzima, nawaambia ukweli. Saa nzima! Kisha nikalitupa. Kwanza transkripti yangu ya chuo kikuu inaonyesha krediti zilikotoka. Pili, AMCAS wakigundua umeficha chuo maombi yanaweza kurudishwa, ukapoteza mwaka, au kufanyiwa uchunguzi na shule zote zikaarifiwa. Lakini zaidi ya hayo, nikajiuliza nitamwambiaje mgonjwa ukweli mgumu ikiwa nimeingia kwa kuficha D ya kemia. Nikakitaja. Nikaandika zile kozi nne, moja moja, na alama zake. Mkono ulikuwa mzito kwenye ya nne.

Haya, sasa sababu hasa ya kuandika leo badala ya kungoja nipate majibu nije kujigamba.

Jumamosi nilipiga simu nyumbani. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu, umekula, nimekula. Akaniambia kwa furaha kabisa: "Na mdogo wako naye ameletewa ile karatasi. Inatakiwa irudi kabla Mei haijaisha. Anataka udaktari kama wewe, kwa hiyo amejaza kozi nne kama ulivyofanya wewe. Kemia imo."

Kama ulivyofanya wewe. Wadau, hicho kisu.

Nikanyamaza. Mama akadhani simu imekatika, akaanza kusema haloo, haloo. Ningeweza kumwambia kitinda mimba kisirisiri apunguze. Ningeweza kusingizia mabasi tena. Lakini uongo wangu mdogo wa miaka mitano ndio ulioijaza ile fomu. Mtoto anafuata njia ambayo dada yake aliipaka rangi.

Nikasema, Mama, kaa chini kwanza. Nikamwambia yote. Kemia, D, hesabu za 3.60, yote.

Kimya. Nikasikia ameweka sufuria chini. Kisha: "Kwa hiyo muhula ule ulivyokuwa unapikia mwenzio na kumlaza, ndiyo ulikuwa unafeli kemia?"

Nikasema, sikufeli, nilipata D.

"Na hukuniambia."

"Sikutaka uchukie. Ulikuwa umeshamwambia shangazi."

Akacheka, kicheko kile cha mtu anayefuta machozi na kitenge. Akasema, "We mtoto. Shangazi yako mwenyewe alirudia darasa la saba." Halafu sauti ikabadilika, akaita mdogo wangu, "Njoo hapa na ile karatasi yako, na peni!"

Nilichomwambia kitinda mimba ndicho ninachowaambia na nyie wenye wadogo huku. Anza na kozi moja, sana sana mbili. Anza na somo ambalo tayari una nguvu nalo, ili ujifunze chuo kinavyokwenda bila kujifunza na somo gumu kwa wakati mmoja. Kama unawaza udaktari, kemia na baiolojia zingoje chuo kikuu, au zichukue kama AP ikiwa shule yako inazo. Siku ya kwanza kabisa andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kujitoa. Ile W itaonekana, lakini haiingii kwenye GPA, na W moja si aibu. Nenda ofisini kwa mwalimu wiki ya kwanza, hata kama huna swali, kamsalimie. Na mkiwa na mzigo nyumbani, usemeni nyumbani. Nani atapika, nani atamchukua nani shuleni. Hiyo nayo ni sehemu ya fomu ingawa hawajaichapa.

Akanisikiliza, halafu akanijibu, "Sawa dada, lakini mimi kemia naiweza kuliko wewe."

Jeuri hiyo! Tukabishana robo saa. Tulipofika mwisho ameacha mbili: uandishi, na hesabu, ambazo kweli anazipenda. Kemia ameifuta, ila kwa penseli, na anasema atafikiria mpaka Ijumaa. Siwezi kumfutia mimi. Nimempa habari ambayo mimi sikupewa, sasa mguu ni wake.

Mama naye anasema Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, atapita kwa mshauri wa shule kumuuliza kwa nini karatasi haisemi kuhusu alama kubaki. Nikamuuliza, utasemaje, Kiingereza kitatosha? Akasema, "Nitamwambia mwanangu ana D. Hilo najua kulisema."

Fomu yangu bado haijatumwa, nasubiri transkripti ya kile chuo cha jamii. Niliiagiza juzi. Ajabu, nimejikuta nina hamu ya kuiona, kama picha ya zamani ambayo umependeza kidogo na kuchekesha kidogo. Nitawajulisha majibu yakija, mazuri au mabaya. Nikikosa mwaka huu nitaomba tena, sitazimia.

Nyie mliopita huku au mnaotarajia, mnasemaje? Nani mwingine ana D yake imelala mahali inamngoja? Mwenye mdogo darasa la 10 au la 11, mpigie leo kabla hajatia sahihi. Haya, narudi kwenye MCAT. Tuonane panapo majaaliwa.